Miaka Mitatu kwenye Sekretaria

Mtu akiniuliza kazi yangu, kwa muda mrefu nilijibu kwamba mimi ni mwanafunzi wa lugha, nikaishia hapo. Sikuongeza kwamba kila siku baada ya masomo, na Jumamosi mchana kutwa, nakaa katika chumba kimoja cha matofali huko Katuba, mbele ya kompyuta ambayo herufi zake mbili zimefutika, nikiandika kwa malipo. Chumba hicho ni sekretaria. Mkaaji wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa sekretaria ni nini: ni mahali pa fotokopi, pa kupigisha memwari, pa kuandikiwa barua ya kuomba kazi, hotuba ya arusi, programu ya mazishi, malalamiko ya kiwanja. Mteja humlipa mwenye duka, ambaye sote tunamwita Yaya, na Yaya hunilipa mimi kwa ukurasa.

Niliona haya kwa sababu katika kitivo chetu neno "mwandishi" lina kiti chake. Mwandishi ni yule aliyetunga riwaya au diwani, anayesomwa darasani, na ambaye mara nyingi amekwisha kufa. Anayeandika barua ya mtu mwingine na kuliacha jina la mtu huyo chini ni karani tu. Mimi nilijihesabu mwandishi kwa ajili ya kurasa 40 za riwaya zilizokuwa ndani ya mfuko wangu tangu mwaka wa kwanza, na nilijihesabu karani kwa ajili ya mamia ya kurasa nilizoandika pale dukani. Kurasa zile 40 hazikuongezeka kwa miaka miwili. Mwenzangu wa darasa akija kupigisha kazi yake, nilikuwa nikivuta kofia hadi kwenye nyusi, kana kwamba kofia inaweza kumficha mtu mbele ya anayemuuliza, "Ukurasa ni franga ngapi?"

Nasimulia haya kwa wenzangu wanaotaka kuandika na ambao, kama mimi, hawana mjomba Ulaya wa kuwalisha huku wakingoja wazo lishuke. Sina mafundisho makubwa. Nina kosa moja nililomtendea mama mmoja, na mambo yaliyofuata.

Kwanza niseme dawa niliyokuwa nikijitafutia. Mjini, karibu na Posta, kuna wauzaji wanaotandaza vitabu chini juu ya plastiki. Kati ya kamusi kuukuu na vitabu vya sheria utakuta vile vya kujiendeleza: namna ya kushinda woga, namna ya kufikiri kama tajiri, siri za watu waliofaulu. Vingi ni fotokopi ya fotokopi, na kurasa za katikati huwa zimepinda. Nilinunua viwili. Kimoja kiliniagiza nisimame mbele ya kioo kila asubuhi na kusema kwa sauti kwamba mimi ni mwandishi mkubwa. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu. Kioo hakikubisha, lakini riwaya nayo haikusogea. Sividharau vitabu vile, maana nimeona watu waliokata tamaa wakishika moyo kwa ajili yavyo. Ila vinasema na mtu asiyejiamini, na ugonjwa wangu ulikuwa mwingine kabisa: nilijiamini kupita kiasi mahali ambapo sikujua kitu, na sikujiamini mahali ambapo nilikuwa nikifanya kazi kweli.

Mama yule alikuja mwezi wa saba, msimu wa baridi, amejifunga vitenge viwili. Mume wake alikuwa amefanya kazi miaka 23 katika kampuni moja ya migodi, akafa kabla ya kulipwa malipo yake ya mwisho. Mama alitaka barua ya kupeleka ofisini. Alianza kunieleza, nami nikamkata kauli baada ya dakika mbili. Nilikuwa nimekwisha kuiona barua kichwani. Barua za ofisi kwetu ni za Kifaransa, na Kifaransa cha barua nilikiweza kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Nilimwandikia ukurasa mmoja na nusu. Nilianza na heshima kubwa niliyo nayo ya kuja mbele ya mamlaka tukufu, nikapita katika uchungu wa ujane, nikagusa historia ya wafanyakazi wa Katanga, nikamalizia kwa sentensi moja ndefu ambayo hadi leo naikumbuka kwa moyo na ambayo sitaiandika hapa. Yaya aliisoma akatikisa kichwa kwa kuipenda. Mama alilipa franga 3000, akaikunja barua, akaiweka kifuani.

Alirudi baada ya wiki mbili. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mutoto yangu," alisema, "ile barua yako ni muzuri. Balisoma, baliseka kidogo, baliniuliza: mama, unatafuta nini? Mi nilizani barua njo itasema."

Nilifungua nakala kwenye kompyuta ili nimwonyeshe mahali ilipoandikwa. Sikupaona. Jina la mume lilitokea mara moja tu, ukurasa wa pili. Neno malipo halikuwamo. Nilikuwa nimeandika "haki zote zinazomstahili", maana niliona malipo ni neno la sokoni. Tarehe ya kifo haikuwamo. Namba yake ya kazi, ile ambayo kila mfanyakazi wa migodi huijua kama jina lake la pili, haikuwamo, kwa sababu sikuiuliza. Mama alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, kwenye karatasi iliyofungwa katika plastiki ndani ya kitenge, na siku ile nilipomkata kauli mkono wake ulikuwa umekwisha kuanza kulifungua fundo.

Alikuwa ameenda ofisini mara mbili, amelipa gari mara mbili, akachekwa kwa Kifaransa asichokielewa.

Yaya alisema, "Murudishie franga yake." Akaikata katika malipo yangu ya wiki. Niliona ni uonevu. Usiku ule nilikusudia kuacha kazi ya sekretaria, nikijiambia kwamba inaniharibia kalamu, na kwamba mtunzi hapaswi kupimwa na makarani wa ofisi. Jambo la kushangaza katika fikra za mtu aliyekosea ni jinsi zinavyokuwa na hoja nzuri.

Kilichonizuia kuacha ni kwamba mama alikuwa ameahidiwa barua nyingine kesho yake, bila malipo, na aliyeahidi alikuwa Yaya. Alipofika, umeme ulikuwa umekatika. Hapakuwa na kompyuta ya kunificha. Nilichukua daftari nikamwambia, "Mama, useme tu. Mimi nitaandika vile unasema." Akasema: "Bwana yangu alitumika miaka makumi mbili na tatu. Alikufa. Makuta ya mwisho habakumulipa. Karatasi yake ni hii. Mi naomba baniambie siku gani batanilipa."

Nilimtazama, nikasubiri aendelee. Alikuwa amemaliza.

Nimesoma somo la mitindo mihula miwili, na sijaona sentensi tano zilizopangwa vizuri zaidi ya hizo. Nani, nini kilimpata, nini kinadaiwa, ushahidi uko wapi, naomba nini. Nilimuuliza namba na tarehe, nikazitia, nikageuza kwa Kifaransa cha mistari tisa. Kisha mama akaniomba kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kuniomba: nimsomee barua ile kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, ajue imesema nini. Katika mstari wa sita alinisimamisha. Nilikuwa nimeandika kwamba "anatumaini" kulipwa. "Hapana," akasema. "Mi situmaini. Naomba." Nikabadilisha.

Tangu siku hiyo hakuna barua inayotoka mikononi mwangu kabla mwenyewe hajasikia kwa lugha yake kile ninachomsemea. Ni kazi inayochosha. Inaongeza dakika kumi kwa kila barua, na Yaya hanilipi dakika hizo. Lakini kila mara, na sisemi kwa kutia chumvi, mwenye barua hurekebisha kitu. Mmoja alinifuta neno "marehemu", kwa sababu kaka yake alikuwa amepotea, hajafa. Neno hilo moja lingempotezea kesi nzima.

Mwezi uleule, jarida hili mnalolishika lilikuwa limenirudishia hadithi. Nilikuwa nimepeleka kurasa saba zilizochongwa kutoka katika riwaya yangu, na kamati ikaandika pembeni maneno machache: lugha nzuri, ila haieleweki nani anafanya nini. Nilipoyasoma mara ya kwanza niliwaona washamba. Niliyasoma tena baada ya kisa cha mama, na nikaisikia sauti ileile ya ofisini: unatafuta nini?

Katika toleo lile alichapishwa dada mmoja wa darasa letu. Hapa inanibidi kuungama jambo la aibu. Niliisoma hadithi yake nikiwa na kalamu nyekundu, nikitafuta makosa, nikapata matatu ya ngeli. Niliyatangaza. Niliyasema kwenye gari la kurudi mjini, niliyasema kwenye foleni ya fotokopi, niliyasema hadi yakamfikia mwenyewe. Alinitafuta. Nilijiandaa kwa ugomvi, lakini yeye alifungua daftari akaniomba nimwonyeshe makosa hayo yako ukurasa gani. Aliyaandika, akanishukuru, akaniambia kwamba ile ilikuwa mara ya sita kuiandika hadithi nzima upya na bado hayakumwonekania. Mara ya sita. Mimi kurasa zangu 40 nilikuwa sijaziandika mara ya pili. Nilikuwa nikizibeba tu, kama mtu anayebeba picha ya mchumba aliyekwisha kuolewa kwingine.

Wivu wa waandishi ni kitu cha kawaida na sidhani nimepona. Ila nimejifunza kuutumia kama kengele. Ukinishika, najua kuna kitu mwenzangu anakijua nami sikijui, basi badala ya kutafuta makosa yake namwendea namuuliza amefanyaje. Mara nyingi jibu linakatisha tamaa kwa udogo wake: ameandika tena. Ameamka mapema. Amemsomea mtu.

Hilo la kusoma kwa sauti limekuwa kazi yangu ya kila siku, na lilinipeleka mahali ambapo sikutegemea. Riwaya yangu inahusu watu wa Katuba: fundi wa baiskeli, wauza makala, kijana anayechimba madini bila kibali. Siku moja umeme ulipokatika, na wateja wawili wakiwa wamekaa wakingoja urudi, niliwasomea kurasa mbili. Walisikiliza kwa adabu. Kisha mmoja, papa wa makamo aliyekuja kwa ajili ya risiti, akauliza, "Hawa batu beko wapi? Zanzibari?" Watu wangu wote walikuwa wakisema kama redio ya ng'ambo. Fundi wa baiskeli alikuwa akimwambia mkewe maneno ambayo mimi mwenyewe niliyakuta kwenye kamusi.

Sisi wa kitivo tunajua vizuri mzozo huu. Darasani tunafundishwa Kiswahili sanifu, nami nakipenda. Naandika makala hii kwa hicho, na nisingependa mtu aninyang'anye. Nyumbani na sokoni tunasema Kiswahili chetu, ambacho kilikulia katika makambi ya wafanyakazi wa shaba, na ambacho tulizoeshwa kukionea haya. Mimi nilitatua mzozo huo kwa woga: niliwavisha watu wangu wote nguo za kuazima ili mwalimu asinione mjinga. Matokeo yake ni kwamba hakuna aliyewaamini, hata papa wa risiti.

Ndipo nilipourudia maandishi ambayo tuliyagusa haraka darasani mwaka wa pili. Mwaka 1965, hapa mjini, André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu, wale walioitwa maboi. Hakuandika kwa Kifaransa wala kwa Kiswahili cha vitabu. Aliandika kwa Kiswahili cha mji huu, na tahajia yake haifuati sheria yoyote tunayofundishwa. Maneno yameungana na kuachana apendavyo. Mtaalamu Johannes Fabian alipoyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, njia mojawapo ya kuyaelewa ilikuwa kuyarudisha mdomoni: mtu aliyekijua Kiswahili cha hapa ayasome kwa sauti, na sauti hiyo iandikwe upya. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu. Vitabu vingapi vilivyoandikwa kwa tahajia kamili vingekuwa vimya kabisa kama ungevirudisha mdomoni?

Sisemi tuandike bila sheria. Ngeli za dada yule bado zilikuwa makosa, na yeye wa kwanza alikubali. Ninachokiona kwa Yav ni kwamba alikuwa na jambo la kusema na alijua anawasemea nani, basi hakungoja mpaka awe na lugha ya kuwafurahisha wasiokuwapo. Niliwaandika upya watu wangu. Fundi wa baiskeli sasa anasema kama fundi wa baiskeli, msimulizi anasimulia kwa sanifu, na mpaka kati yao unanipa taabu kila ukurasa. Ni taabu nzuri zaidi ya ile ya zamani.

Kuna jambo lingine ambalo wenzangu huniuliza, wakiwa na huruma kidogo: je, kuandika kwa malipo hakuui kipaji? Huwa nawajibu kwa Tshibumba Kanda Matulu, ambaye picha zake wengi wetu tumeziona vitabuni. Alikuwa mchoraji wa kuuza. Alichora vitu ambavyo watu wa hapa walitaka kuvitundika sebuleni, na picha iliyouzika, kama ile ya Koloni ya Ubelgiji yenye mfungwa anayechapwa, aliirudia tena na tena, kwa sababu mteja mpya alitaka ileile. Na mtu huyohuyo, katika miaka ya 1973 na 1974, alichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100. Nadhani mkono uliochora ileile mara nyingi ndio uliopata wepesi wa kuchora zile ambazo hakuna aliyewahi kuzichora. Na ng'ambo ya ziwa, Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali karibu maisha yake yote ya kazi. Tunamsoma kama kwamba alishuka na vitabu vyake kutoka mlimani, kumbe asubuhi alikuwa na meza, mafaili na mkubwa wa kazi.

Hata hivyo sitaki kupamba umaskini. Kazi ya kulipwa inaua kipaji pale ambapo hulipwi. Mchungaji mmoja aliniletea mahubiri yake, kanda za sauti za mwaka mzima, niyageuze kuwa kitabu. Nilifanya kazi miezi miwili, kurasa 80. Siku ya kukabidhi alinishika kichwa akaniombea, akasema Mungu hatasahau. Kweli sidhani Mungu amesahau, lakini mchungaji amesahau. Kwa muda nilimlaumu yeye, na bado namlaumu kidogo, lakini siku ya kwanza aliponiuliza "itakuwa ngapi?" mimi ndiye niliyejibu "tutaelewana tu, papa." Niliogopa kutaja bei kwa sababu ndani yangu bado niliamini kwamba kile ninachofanya si kazi. Muuza makala hasemi tutaelewana. Sasa nataja bei kabla ya kufungua daftari, nusu inalipwa mwanzoni, na nimegundua kwamba mteja aliyelipa nusu huleta habari zake zikiwa zimepangwa. Bei inamfanya naye aheshimu kile anachotaka kusema.

Mtaniuliza ninaandika riwaya saa ngapi. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuchota maji, kwa mkono, katika daftari, kwa sababu umeme wa mji huu haujawahi kuniahidi kitu. Ukurasa mmoja. Siku nyingine ni nusu. Jumapili nausomea mdogo wangu ile ya wiki nzima huku akipiga pasi. Anapoacha kupiga pasi najua nimepata, na anapoanza kuimba najua nimempoteza. Katika kurasa za nyuma za daftari hilo naandika makosa yangu: neno lililomkwaza mteja, sentensi niliyoirefusha kwa kujionyesha, ngeli ninayoikosea daima (ni ile ya "u", na dada wa hadithi amekwisha kunicheka). Orodha hiyo ni ndefu kuliko riwaya. Zile kurasa 40 za zamani nilizipitia nikabakiza sita. Siku ya kuzichana nilitegemea kulia, lakini nilisikia njaa, nikaenda kula bukari.

Kofia nayo nimeiacha. Mwenzangu akija dukani tunasalimiana, napiga memwari yake, na akiwa na nafasi namuuliza sura ya pili inasema nini. Wengine hawawezi kunijibu, na wamekwisha kuilipia kurasa 30. Basi tunakaa chini. Wakati mwingine sura hiyo inarudi nyumbani bila kupigwa, na Yaya ananitazama vibaya kwa sababu ya franga iliyotoka mlangoni.

Kuhusu barua ya mistari tisa, ofisini waliipokea, wakapiga muhuri kwenye nakala, wakampa mama tarehe. Tarehe ilipofika wakampa nyingine. Mara ya mwisho niliposikia, alikuwa amelipwa sehemu, na alikuwa akidai iliyobaki kwa barua ya pili, ambayo alinisemea akiwa amesimama, bila kuketi, kwa sababu alikuwa na sufuria jikoni.

Jumamosi iliyopita alikuja tena, safari hii na mama mwingine, mdogo kwake, aliyeshika karatasi katika plastiki. Nilitoa kiti, nikatoa daftari, nikashika kalamu. Mama yule akamgusa mwenzake begani.

"Njo huyu," akamwambia. "Useme yote kwanza. Usimuache aandike mbele haujamaliza."